Sauti Yangu Ilitangulia Kamachumu

Usagara

Tak! Halafu shhhhh, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Hadi leo nikifumba macho naisikia: utingo wa basi akisukuma kaseti ndani ya redio, na ule msusumo mfupi kabla mtu hajaanza kusema. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandia pale njia panda ya Usagara, begi liko kichwani, natafuta pa kukaa. Kisha mtu akaanza kusema, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Mimi Kabula wa Masanja, wa Misungwi penye mawe, nasema nisikiwe!"

Jamani, rafiki zangu, mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje, kila mmoja kwa wakati wake, nami nimeona nikimwambia huyu nusu na yule nusu, mwisho nitajichanganya. Basi naandika mara moja, msomeane Jumamosi.

Kwa nini niliondoka mnajua. Koku, ninayekaa naye Mkolani, alikuwa amekwenda kwao Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, kumzika kaka yake, na alikuwa hajarudi. Nami nikasikia kwamba Deusi, yule mwenye kibanda cha kurudufu kaseti karibu na soko, Nyamagana, amechukua ile ghani niliyoitoa chumbani kwangu siku mliyokuwepo, ile aliyorekodi "kwa kumbukumbu tu", akaibandika mwisho wa upande wa pili wa kaseti yangu ya ghani za harusi na matangazo ya sabuni. Na kaseti hiyo anawauzia watu wa mabasi yanayozunguka ziwa.

Kumpenda mtu siyo kosa la kwenye kaseti, wimbo gani hauna mpenzi? Tatizo ni kwamba nilimtaja. Kwetu Usukumani ningi, yaani mtunzi anayeongoza ngoma, hasimami uwanjani akamsifu mtu hewani. Anajitaja yeye na baba yake, halafu anamtaja anayemsifu, na baba wa huyo, na kijiji chao, ili mwenye shaka afunge safari akahakikishe. Baba yangu Masanja alikuwa ningi. Alinilea akisema sifa isiyo na jina ni ng'ombe asiyekatwa alama sikioni, kila mtu atasema ni wake. Kwa hiyo nilimkata Koku wangu alama sikioni, mbele ya mashine ya Deusi: Koku, binti Kagaruki, wa Kamachumu. Mtu yeyote angeweza kuifuata ile ghani hadi mlangoni kwao. Na baba yake akishaielewa, Koku asingerudi Mwanza tena. Nilitaka nifike kabla ya kaseti.

Na sasa nimepanda basi moja nayo.

Nikaketi kando ya mama mmoja mnene mwenye furushi la mitumba. Nikajifunga kanga shingoni. Nikajiambia, Kabula, usifungue mdomo. Sauti yangu mnaijua, nzito kama ya mzee aliyeamka sasa hivi; nikisema "samahani" tu, basi zima litageuka. Nikaamua sauti imekauka. Mimi! Mimi ninayeongea hata na kuku!

Kigongo

Pantoni ilikuwa imekwama upande wa Busisi. Wengine walisema injini, wengine walisema dereva wake yuko msibani, na muuza karanga akasema hata ikija itabeba magari ya mkubwa fulani kwanza. Tukashuka. Upande wa kwanza wa kaseti ulikuwa umekwisha, watu wameupenda sana.

"Ng'ambo nawawekea wa pili," utingo akasema. "Huko ndiko kwenye mambo!"

Sato wa kukaanga alikuwa anatoa mvuke, ugali wa muhogo uko pale, nami siwezi hata kuagiza.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mama wa mitumba akaniuliza. Jina lake Ma Felista, Mhaya wa Kamachumu, anafanya biashara Mwanza. Nikaonyesha shingo, nikatikisa kichwa.

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya. "Sauti imekwenda?"

Basi nikawa mali ya umma. Mmoja akaleta limau. Mwingine tangawizi nitafune mbichi. Bwana mmoja akasisitiza yai bichi, akasimama mbele yangu kuhakikisha linashuka. Mlokole wa kiti cha nyuma akanishika shingo kwa mikono miwili: "Pepo la ububu, toka! Toka katika binti huyu!" Alikuwa na imani, yule mtu. Akaomba hadi jasho likamtoka, na kila akisema "toka" watu wananiangalia mdomo. Nilimhurumia. Nilikaribia kusema amina ili asiaibike.

Pale kwenye mawe ya Kigongo, na ladha ya yai mdomoni, nikawaza nilivyoanza. Darasa la tano, mwalimu wa ngonjera alinipa nafasi ya baba mzazi kwa sababu ya hili koo. Nikavaa koti, nikasimama kama baba, na kwa mara ya kwanza sikuona aibu ya kusimama. Baada ya darasa la saba zikaja kazi za harusi, halafu ruksa ya biashara ikaja, kila mtu anauza kitu, na wenye sabuni wakataka mtu wa kughani juu ya pikapu. Nikapanda na suruali na kofia ya baba. Wanaume sokoni wanapiga kelele, "Jike dume! Shuka tukupime!" Nami najibu papo hapo, "Jike dume, dume jike, shati likichafuka sabuni haiulizi la nani!" Wanacheka, wananunua. Ile suruali ni Koku aliyeipunguza kiunoni, kwa cherehani lake pale Mkolani. Alipiga magoti kunipima, pini mdomoni, akasema kwa meno yaliyobana, "Simama vizuri, bwana jukwaa." Mengine mnayajua.

Sengerema hadi Geita

Tak! Shhhhh.

Upande wa pili ulianza kwa ghani ya harusi. Nikahesabu matumaini yangu: labda kaseti itakwama, labda betri, labda utingo atachoka. Barabara ilikuwa mashimo matupu na redio haikuruka hata mara moja. Kilipokuja kile kikohozi changu kidogo, nilichokohoa chumbani kabla ya kughani, nikajua ndiyo hiyo.

"Nyumba ya Kagaruki, Kamachumu juu ya mwamba,
mgeni akiwa bado bondeni, ndizi zimeshatiwa chunguni.
Humo alizaliwa Koku.
Koku, umekuwa kwangu taa ya kuazima:
nakuwasha kwa hofu, nakuzima kwa uchungu,
na mwenye taa hajabisha hodi..."

"Ta Kagaruki, mzee wetu!" Ma Felista akapiga kelele, akanishika paja. "Nyumba hiyo naijua! Ndiko ninakokwenda kuhani! Dereva, rudisha kaseti!"

Dereva akarudisha. Sasa basi zima linasikiliza.

"Kijana ameshikwa huyo," akasema bwana wa yai. "Mapenzi ya Kihaya hayo, atauza ng'ombe wote."

"Kijana gani?" akadakia Msukuma mmoja wa mbele. "Kabula ni jina la kike, ndugu yangu. Mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha."

"Hiyo sauti ya kike?"

"Nakwambia Kabula ni mwanamke. Kwetu nyumba tatu zina akina Kabula."

"Basi ni dada anamsifu dada mwenzake."

"Dada gani anawashwa na kuzimwa?"

Kicheko. Hata mlokole alicheka, kisha akakumbuka wokovu. Halafu mtu mmoja, sikumwona, akasema taratibu tu, "Mjini siku hizi kuna wasagaji. Ruksa imeleta kila kitu." Kicheko kikakatika kama kamba. Nikaangalia dirishani, mihogo inapita. Nikajiambia ningekuwa juu ya pikapu ningemjibu. Lakini juu ya pikapu natetea sabuni.

"Haya, muache mtoto wa watu," dereva akasema. "Ameghani vizuri."

Kabla hawajaendelea, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope, tukaambiwa tushuke wote tusukume. Sijawahi kulipenda tope kiasi kile. Nilisukuma kama mwendawazimu, tope hadi magotini, na yule aliyesema neno lile sijui ni yupi, huenda ndiye aliyenipa mkono nilipoteleza.

Biharamulo

Pale tulizuiwa. Msituni kulikuwa na wanyang'anyi, magari hayaruhusiwi kupita peke yake, lazima yasubiriane yasindikizwe na askari. Askari walikuwepo, gari lao halikuwa na mafuta. Tukalala palepale, tukasubiri hadi jua likatoka, ikaja mvua, jua likatoka tena. Watu wakaanza kuzoeana. Bwana wa yai akamsuka mtoto wa mtu nywele, akisema alifundishwa na marehemu mkewe.

Ma Felista akanichukua nyuma ya mgahawa, palipo na benchi. Akaagiza chai mbili. Akafungua mfuko, akatoa senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao.

"Hawa senene, sisi wanawake kwetu zamani hatukuruhusiwa kuwala," akasema. "Tunawakamata, tunawanyonyoa mabawa, anakula baba. Siku hizi ruksa. Kula."

Nikala. Watamu, jamani, kama karanga zilizosoma.

"Kunywa chai," akasema, "halafu unaweza kuongea. Tangu Sengerema midomo yako inakwenda pamoja na redio. Pengine inaitangulia."

Chai ikanipalia. Nikakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kilekile cha kwenye kaseti. Ma Felista hakucheka.

"Wewe ndiye Kabula."

"Ndiyo, mama," nikasema. Sauti ilitoka kama mlango wenye kutu. "Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo ya siku ya pili!" Akanywa chai yake. "Koku umemfanyia nini?"

"Sijamfanyia kitu. Nampenda."

Akaweka kikombe chini. Nikaanza kumweleza upesiupesi: Deusi, ile kaseti, baba yangu na kutaja majina, kwamba nakwenda kumwonya tu ajue la kujibu.

"Sikiliza," akanikatiza. "Mimi hayo siyaelewi, na sitaki unieleweshe. Nimezaa saba, nimezika wanne kwa ugonjwa huu wetu, sina nafasi ya kuchunguza nani kamwasha nani. Lakini nyumba ile imezika mtoto wa kiume. Ndiye aliyekuwa amebaki. Usiwapelekee msiba wa pili."

"Sitaki, mama."

"Haya. Utaingia na mimi. Nitasema wewe ni mpangaji mwenzake huko Mkolani, umekuja kuhani. Ni uongo?"

"Siyo uongo."

"Basi tumesema kweli." Akafunga mfuko wa senene. "Na uso huo uunawe tope. Unatisha."

Kamachumu

Basi lilituacha bondeni, tukapanda mlima kwa miguu. Migomba kila upande, na ndani ya migomba makaburi, mengine udongo wake bado mwekundu. Nilikuwa nimejipangia: nitamsalimu mzee, nitamvuta Koku pembeni, nitamwambia, nitaondoka.

Tulipokaribia ua nikasikia mtu anaongea ndani. Sauti nzito, ya mzee aliyeamka sasa hivi.

"...mgeni akiwa bado bondeni, ndizi zimeshatiwa chunguni."

Kaseti ilikuwa imefika. Dereva mmoja wa njia ile ni mtoto wa jirani yao, alikuwa ameileta siku nyingi.

Ma Felista akanishika mkono. "Ukikimbia sasa watasema mwizi," akanong'ona. "Piga magoti."

Nikapiga magoti mlangoni. Ndani kulikuwa na majirani wameketi kwenye nyasi zilizotandikwa, katekista, na mzee mwembamba kwenye kiti, redio iko juu ya kigoda mbele yake. Koku hakuwepo. Ma Felista akanena rambirambi kwa Kihaya, kwa kirefu, halafu akanionyesha na kusema ile kweli yetu.

"Pole sana, baba," nikasema.

Nilisahau! Siku mbili nimelinda koo, nikalisahau mlangoni kwa wenyewe. Mzee akageuka, akaiangalia redio, akaniangalia mimi. Akaizima.

"Wewe ndiye Kabula wa Masanja?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo, baba."

"Wa Misungwi penye mawe."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa nakusubiri," akasema.

Ta Kagaruki alisimama, akachukua kijikapu cha kahawa zile za kutafuna, akanipa mwenyewe, kwa mikono miwili. Nikaweka punje mdomoni, hata sikuhisi ladha.

"Zamani," akawaambia waliokaa, "mtu alisimama mbele ya mkubwa akajisifu, na nyumba yake, na baba zake. Siku hizi nani anasimama? Mwanangu nimemzika, padri kataja jina lake mara moja, na hiyo mara moja kalikosea. Halafu naletewa hiki kitu. Nasikia nyumba yangu inatajwa. Wameisikia Geita. Wameisikia Biharamulo. Nyumba yangu!" Akashindwa. Akapangusa pua kwa kiganja. "Simama, mwanangu. Iseme hapa, isikike kwa mdomo."

Niliposimama ndipo nilipomwona Koku. Yuko kwenye mlango wa uani, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu. Amekonda. Hakutabasamu, wala hakunikataza.

Nikaanza. Nikajitaja, nikamtaja baba yangu. Nikaisema nyumba, na mwamba, na mgeni bondeni. Wazee wakaitikia, mmoja akapiga kofi gotini. Nikasema "humo alizaliwa Koku," nikamwona katekista ameinua kichwa, nikamwona Ma Felista ameinamisha chake. Kila kitu nilichokisikia kwenye basi kikanijia, na lile neno, na kicheko kilichokatika. Nikavuta pumzi.

Nikaruka. Taa, na kuwasha, na kuzima, vyote nikaviruka, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho. Tangu nianze kughani sijawahi kumruka mtu niliyemtaja.

"Imekwisha?" mzee akauliza.

"Imekwisha, baba."

"Kwenye kaseti ni ndefu."

"Kaseti... kaseti huwa zinaongeza, baba."

Akaniangalia usoni. Sijui aliona nini. "Umenipa heshima," akasema, akaketi, na mlango wa uani ulikuwa mtupu.

Nilimkuta Koku nyuma ya jiko, anamenya ndizi kwa kasi kama anayezigombeza. Nikachuchumaa. Nikaanza kumweleza kila kitu kwa pupa, Deusi, basi, kwamba nilitaka kufika kabla.

"Umeniruka," akasema.

"Koku, katekista alikuwa..."

"Kaseti hii inapigwa humu kila siku. Baba anairudisha, anairudisha. Mwanzo nilidhani nitakufa kwa woga. Halafu nikaona hakuna aliyeniuliza kitu. Nikawa nakaa hapa namenya ndizi, nasubiri tu ifike pale pangu. Inafika, inapita, naendelea kumenya. Ndicho kilichonishikilia." Akatupa ganda. "Leo umekuja mwenyewe na mdomo wako, ukaniruka."

"Nilikuwa nakukinga."

"Najua."

"Wangekuita..."

"Najua, Kabula. Sijasema ulikosea. Nimesema umeniruka."

Nikachukua ndizi nimsaidie, nikakata nyama yote pamoja na ganda, akaninyang'anya. "Msukuma wewe, utatulaza njaa." Akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, bila kuacha kumenya.

Nikamuuliza kama atarudi Mkolani.

"Mama hana mtu mwingine sasa," akasema. "Usiniulize leo."

Mwanza tena

Nilirudi kwa meli kutoka Bukoba, na safari ya meli haina la kusimulia; nilikaa juu ya mkungu wa ndizi alionifungia mama yake, nikaangalia maji. Nilipofika nilikwenda kwa Deusi moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandalia matusi njia nzima. Alinikuta mlangoni kabla sijayafungua, akakunja uso kama mtoto.

"Dada Kabula, nilidhani utafurahi. Inauzika!"

"Umetoa ngapi?"

"Nimeacha, haki ya Mungu. Hizo zilizokwenda siwezi kuzirudisha." Akatafuta chini ya meza, akanipa ile kaseti mama, ambayo nyingine zote zimetoka kwake. "Ukitaka kuifuta, rekodi kimya juu yake. Unabonyeza tu, unaiacha izunguke."

Nikaenda nayo nyumbani. Chumba kilikuwa na harufu ya kufungwa, cherehani limefunikwa kama alivyoliacha. Nikawasha redio yangu. Sikuisikiliza. Nikaiweka kaseti ndani, kidole kiko juu ya kile kitufe chekundu, nikakaa hivyo hadi jirani akamaliza kutwanga.

Kisha nikaitoa. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila upande. Vikiwepo, unaweza kurekodi kitu kingine juu yake, na vikivunjwa, huwezi tena. Nikachukua mkasi wa Koku kwenye droo ya cherehani. Nikavivunja vyote viwili.